Mama wa Vitenge Akikodi Gari

Hakuwa akianza na salamu. Akifungua mlango wa nyuma wa taksi yangu, kabla hajakaa, alitazama kwanza viti vyote kana kwamba nimemficha mtu chini yake, kisha akasema: "Shoferi, leo gari yote iko yangu. Mbele, nyuma, mpaka kofre ya mizigo. Umesikia?" Nikishamjibu kwamba nimesikia, Mama, ndipo alipoketi, akavuta mtandio wake vizuri, akanipa asalaam aleikum na kuuliza watoto wangu wameamkaje.

Pale Gitega, mtaani kwetu, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama wa Vitenge, basi. Alitoka katika zile familia za Wahindi Waislamu wenye maduka, lakini jinsi mababu zake walivyofika Burundi siijui na sikuwahi kuuliza. Dereva anayeuliza sana anadhaniwa mpelelezi. Ninachojua ni kwamba Kirundi alikisema kama muuza mihogo wa sokoni, Kiswahili alikisema kama watu wote wa hapa, na lugha ya kwao niliisikia tu alipokuwa akigombana na watoto wake kwenye simu. Mimi nimekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na Kiswahili changu kilimchekesha. Alisema naongea kama redio.

Kwetu gari halikodiwi lote. Unalipa kiti chako, unabanwa na wenzako, na dereva haondoki mpaka mlango ukatae kufunga. Gari zima ni la bwana harusi, la mgonjwa, au la mzungu. Yeye hakuwa yeyote kati ya hao, na bado kila mwaka, Idi Kubwa ikishapita na jamaa wakishamaliza kutembeleana, alinitumia mtu aniite dukani. Nikifika alikuwa hainui macho kutoka kwenye kitambaa anachopima. "Jumapili," anasema. "Nyakazu. Alfajiri." Nami najua kwamba Jumapili sitalala.

Nyakazu ni korongo kubwa kule upande wa Rutana, mahali ambapo ardhi imepasuka. Kutoka Gitega unaenda na kurudi siku moja ukitoka mapema, lakini mgongo unakulaumu wiki nzima. Siku hizi watu wa mjini wanaenda kupiga picha. Wakati anaanza kwenda yeye, wengi mtaani walishangaa mtu mzima anayemaliza pesa kwenda kutazama shimo.

Safari ya kwanza sikuwa nimemjua. Tulipofika Makebuko ilikuwa siku ya soko, na mzee mmoja mwenye mkungu wa ndizi akanyoosha mkono. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na kiti kitupu kinamuuma dereva. Nikasimama, tukapatana nauli, mzee akaingia. Hatujafika mbali nikasikia kutoka nyuma:

"Shoferi, huyu ni nani?"

"Ni mtu tu, Mama. Anashuka hapo mbele."

"Anakulipa?"

"Kidogo tu."

"Umeuza kiti yangu?"

Alinisimamisha kando ya barabara. Alinifanya nimrudishie mzee nauli yake mkononi, mbele ya macho yake, na nimwombe radhi. Mzee wa watu akaanza kushusha ndizi zake huku akinong'ona "mniharire, mama, mniharire," akiomba msamaha kwa kosa asilolijua. "Hapana, wewe baki, mzee," Mama akamwambia kwa Kirundi. "Sasa umekaribishwa na mimi." Kisha akanigeukia na kunipa sheria ambayo niliisikia miaka yote iliyofuata: "We ukiwachukua, ni wizi. Mi nikiwachukua, ni sadaka. Twende."

Kuanzia hapo nikaelewa ni safari ya namna gani. Alikuwa na pete nene ya fedha kidoleni, na kila alipomwona mtu anayetembea na mzigo, aligonga kioo cha dirisha kwa pete hiyo. Ko, ko. Nikisikia hivyo, nasimama. Alichukua akina mama waliotoka zahanati, alichukua mafundi baiskeli, alichukua wanafunzi na madumu yao ya maji. Siku moja alimchukua mwanamume mwenye mbuzi. Nikasema, Mama, mbuzi hapana, viti hivi nimevishonesha juzi. Akauliza tu, "Gari ni ya nani leo?" Nikasema ya kwako. Mbuzi akaingia kwenye kofre, akakaa juu ya mikeka, na nilikuta kumbukumbu zake huko mpaka mwezi uliofuata.

Mtu aliyekodi gari zima ili awe peke yake alikuwa hafiki peke yake hata siku moja. Nilimuuliza mara moja kwa nini asipande tu gari la watu wote, maana mwisho wake ni uleule wa kubanwa. Aliniona mjinga. "Kule mi iko abiria kama wao," akasema. "Huku mi iko mwenye nyumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akampokea mtoto wa mtu mapajani, akaanza kumpangusa kamasi kwa ncha ya mtandio wa hariri.

Usidhani alikuwa mtu laini. Njoo dukani kwake umwone. Akipima kitenge alikivuta mpaka kikalia, na kama umezoea duka ambako muuzaji anakuongezea shubiri moja ya ziada kwa ajili ya udugu, kwake ungengoja mpaka kiama. Wanawake walitoka pale wakiguna, na Ijumaa iliyofuata walirudi, kwa sababu kitambaa chake hakikuchuja. Mke wangu alikuwa hamwezi. "Yule mama wako wa Nyakazu," ananiambia, "amenikatia kitambaa mpaka uzi wa mwisho." Na mwanamke huyohuyo mkali wa shubiri, Jumapili ile, alipakia sufuria la pilau ambalo watu wawili tulilibeba kwa mashaka, na sambusa za kuwashibisha watu wa msiba. Nilijaribu miaka mingi kuwaunganisha wanawake hao wawili, wa dukani na wa safarini, wawe mmoja nikashindwa. Baadaye niliacha. Mtu si lazima alingane.

Kuhusu lile korongo lenyewe alisema mara moja tu, tena kwa hasira, siku gari lilipopata pancha na mimi nikalalamika kwamba tunahangaika kwa ajili ya kutazama mawe. "We unazunguka kila siku," akasema. "Leo Mutaho, kesho Ngozi. Mi iko nyuma ya meza tangu asubuhi. Nikiinua macho naona ukuta ya jirani. Ukuta, na matako ya watu wanapita. Mara moja kwa mwaka, Mungu anionyeshe mbali. Ni mingi hiyo?" Nikasema si nyingi. Nikaendelea kufungua nati.

Basi tukifika, mambo yalienda hivi. Wageni wake wa barabarani, wale waliokuwa na nafasi na wale waliokuwa wamesahau walikokuwa wanaenda, walimsaidia kubeba mikeka mpaka karibu na ukingo. Hapo alikaa kitako, akitazama kule chini ambako, waliniambia, unaona tambarare ya Kumoso mpaka macho yanachoka. Kisha alisimama na birika na beseni, akapita kwa kila mmoja akimnawisha mikono yeye mwenyewe, hata yule wa mbuzi. Mtu mwingine hakuruhusiwa kushika birika. Wakala kwa mkono kutoka sinia moja.

Nimesema waliniambia, kwa sababu mimi sikuwahi kuliona. Miaka yote hiyo nilibaki garini. Nililaza kiti, nikafunika uso kwa kofia. Aliyenifundisha kazi alikuwa ameniambia dereva ni wa gari, akishuka kula na abiria kesho watamwamuru, na mimi nilijificha nyuma ya maneno hayo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Nilichoka tangu tulipokunja hema kule kambini kurudi nchi ambayo sikuijua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia njoo utazame mbali, anakuona unamtania. Kwa hiyo yeye alimtuma mtu aniletee sahani dirishani, imefunikwa na sahani nyingine, na kijiko juu yake. Nilikula nikitazama nyasi na kipande cha anga kwenye kioo cha mbele. Kila mwaka aliuliza, "Shoferi, hushuki?" Kila mwaka nilijibu, "Nalinda gari, Mama." Hakusisitiza.

Watoto wake walikuwa wametawanyika. Wawili ng'ambo, mmoja Nairobi, na binti mmoja aliolewa Muyinga, katika familia ya wafanyabiashara wa huko. Mume wa Mama mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Sukari ilipoanza kumla miguu, wale watoto walianza kumla maneno: Mama funga duka, Mama hama, Mama nani atakuona ukianguka humo ndani. Simu zile nilizisikia nikiendesha. Akikata, alipumua, akagonga kioo kwa pete hata kama hakuna mtu barabarani. Siku moja alinieleza bila mimi kuuliza. "Wanataka wanichukue," akasema. "Watu wazuri, watoto wangu. Watanipa kitanda nzuri, na nitaomba ruhusa ya kwenda chooni. Shoferi, sikiliza. Siku nitashindwa kukodi gari yangu na kwenda mahali nataka, ile siku ndio nimechukuliwa. Si siku nitahama. Ile siku." Niliogopa kidogo jinsi alivyosema. Nikaongeza mwendo nikidhani ndiyo njia ya kumjibu.

Wakamhamisha. Alianguka kweli dukani, kati ya majora ya vitambaa, akalala hapo mpaka wateja walipomkuta. Binti akaja na mumewe na gari lao, wakafunga mlango, na ukuta wa jirani ukabaki peke yake. Sikumuaga. Nilikuwa kwenye foleni ya esansi, nangoja mafuta ya gari.

Niseme kidogo juu ya foleni hizo, maana ndizo zimetuzeesha. Miaka hii esansi imekuwa kama mvua za msimu mbaya: unasikia imefika mahali, ukifika imekwisha. Gari linalala kwenye mstari, na wewe unalala ndani yake. Wenzangu wengi wameuza magari wakaenda kulima. Mimi sikujua kulima, basi nikabaki nimeketi kwenye usukani wa gari lisilotembea. Ndipo siku moja, baada ya Idi Kubwa, simu ikalia.

"Shoferi, iko hai?"

"Niko hai, Mama. Uko wapi?"

"Muyinga. Jumapili, Nyakazu. Alfajiri."

Nikacheka. Nikamwambia Nyakazu si ya kutokea Muyinga, ni kuvuka nchi, kwanza nitoke Gitega nije huko, na esansi haipo hata ya kuwashia taa. Nikasikia pete ikigonga kitu, labda kitanda. "Gari iko yangu au haiko yangu?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua. Nikakumbuka aliloniambia kuhusu ile siku. Nikasema, "Iko yako, Mama." Sijui kwa nini nilijibu kwa Kiswahili chake.

Jinsi nilivyoipata esansi hiyo sitaeleza yote. Nililala foleni, nikakopa, nikamsumbua shemeji yangu, na mwishoni nilikuwa na tangi na dumu moja la akiba. Nilipiga hesabu mara nyingi. Yalikuwa mafuta ya kumfuata Muyinga, kumfikisha Nyakazu, kumrudisha, na mimi kujikokota mpaka Gitega. Ya kuzunguka popote hayakuwepo.

Nilifika Muyinga Jumamosi jioni. Alfajiri nikamkuta binti yake amesimama kwenye geti, amevaa kanga juu ya gauni la kulalia, macho mekundu.

"Kaka, umekuja kweli," akasema. "Nilifikiri utakataa. Mama hawezi. Hata msikitini hafiki. We unampeleka Rutana?"

"Dada, amekodi gari."

"Amekodi! Atakufia njiani, na mi nitasema nini kwa ndugu zangu?"

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtoto wa mtu tu. Wakati huo Mama wa Vitenge akatokea mlangoni ameshikwa kwapani na msichana wa jikoni. Alikuwa amekonda mpaka nikaona aibu kumtazama. Miguu imevimba, imeingizwa kwenye viatu vya marehemu mumewe. Lakini sufuria lilikuwa limetangulia, na mikeka, na birika. Akatazama viti vyote. "Shoferi," akasema, "leo gari yote iko yangu." Binti akageuza uso. Tukaondoka.

Tulipoanza tu akaniinamia kutoka nyuma. "Leo usisimame," akasema. "Najua esansi iko kidogo. Usisimame kwa mtu." Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja tangu siku ya mbuzi, na nilipoyasikia hayakunifurahisha. Tulimpita mwanamke mwenye kapu. Tukawapita wawili na baiskeli yenye makaa, wanaisukuma kilimani. Kwenye kioo nilimwona amefumba macho, na mkono wenye pete ameukalia. Kweli alikuwa ameukalia.

Kisha tukamkuta mwanamke mmoja ameketi kando ya barabara, mahali njia ya vumbi inapoachana na lami kuelekea Mwakiro. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa, na hakunyoosha hata mkono. Alitutazama tu tukipita. Nilishamwacha nyuma kidogo.

Ko, ko.

Nikasimama, lakini sikurudi nyuma. "Mama," nikasema, "yule anaenda Mwakiro. Si njia yetu."

"Anaonekana ametoka hospitali."

"Mama, mafuta. Tukiingia huko, hatufiki. Nimekwambia ukweli. Hatufiki Nyakazu."

"Unajua hakika?"

"Ninajua."

Nilisikia anapumua kwa kinywa. Nilitaka aseme twende. Nilitaka kwa moyo wangu wote, kwa ajili ya foleni zangu zote na kwa ajili ya ile siku yake. "Mi iko hapa na chakula ya watu kumi," akasema polepole, "na nimempita mgonjwa ya mguu. Gari ni ya nani, shoferi?" Nikaingiza gia ya nyuma, na nilikuwa na hasira hata gia ikalia.

Mwanamke yule alifika kwake, akashukuru, akaingia ndani, basi. Hakujua tumempa nini. Njia ilikuwa mbovu na tulirudi kwa mwendo wa ng'ombe. Karibu na kilele cha kilima, mahali mashamba yanapoteremka mpaka bondeni na kupanda tena upande wa pili, alinigusa bega. "Hapa," akasema. Nikamwambia hapa hakuna kitu, Mama, ni maharage ya watu. "Si naona mpaka kilima ile ya bluu? Tandika."

Nilitandika, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kutandika. Nilimbeba kutoka kwenye kiti, alikuwa mwepesi, nikamweka mkekani. Watu waliokuwa wakipalilia wakaja mmoja mmoja wakifuta mikono kwenye nguo, naye akawakaribisha kwa Kirundi chake cha sokoni. Mimi nikarudi garini kama kawaida, nikalaza kiti, nikashika kofia. Nikangoja sahani.

Sahani haikuja. Nilipoinua kofia nikaona watu wote wameketi wakizunguka sinia na hakuna anayekula. Yeye alikuwa ameshika birika, maji yanamwagika kidogo kidogo kwenye beseni, na ananitazama mimi.

"Miaka yote mi natafuta wageni barabarani," akasema kwa sauti ambayo watu wa maharage pia waliisikia, "na we iko hapo mbele, umelala."

Nilishuka. Nilipiga magoti mbele ya beseni, nikanyoosha mikono, akaninawisha. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalikuwa yanaenda kulia na kushoto, hata mikono ya shati ikalowa. Nilikula pilau kwa mkono, nikitazama bonde, na kile kilima cha bluu, ambacho kwa kweli kiko mbali. Mama alikula kidogo, akalala ubavu kwenye mkeka, mtandio juu ya macho, na watu wakashusha sauti.

Tulirudi Muyinga kabla ya alasiri. Kila mtu anayejua barabara za nchi hii anajua kwamba saa hiyo huwezi kuwa umetoka Nyakazu. Binti alikuwa palepale kwenye geti. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesinzia, kisha akanisogelea mimi dirishani.

"Kaka, sema ukweli. Mmefika?"

Nyuma yangu nikasikia kitu kikigusa kioo, taratibu sana. Ko, ko.

"Tumefika, dada," nikasema. Nikashuka kumfungulia mlango.